Nani Atanibeba?

Hivi wewe, hujawahi kunaswa na maneno ya sinema, yakakukaa kama uzi wa nyama kwenye jino, ukauliza huyu na yule, kila mtu akasema anayajua, na asipatikane hata mmoja anayejua yalikotoka? Kama hujawahi, shukuru. Kama unayo sasa hivi, yameze ulale. Digrii aliyatafuta, na Digrii, kwa taarifa yako, alikuwa amesomea kutafuta.

Digrii ni jina la mtaani, na si la heshima. Alikaa chuo kikuu miaka minne akisomea ukutubi na nyaraka, yaani namna ya kujua kila karatasi imetoka wapi na nani aliigusa kwanza. Akavaa joho, akapigwa picha, kisha akakaa miaka mitatu akituma sivii kwa watu wasiojibu hata kwa tusi. Sasa alikaa kwenye kibanda cha mjomba wake, futi sita kwa nane, akiwaingizia watu filamu kwenye flashi. Wateja wakija na vipande vya kumbukumbu, "ile ya jamaa mwenye jicho moja, anaruka treni," yeye huipata kabla hawajamaliza sentensi. Hicho ndicho kilichobaki cha elimu yake, na alikilinda kama mboni ya jicho.

Siku moja asubuhi akaja dereva wa boza la maji, macho mekundu. Alisema ana wiki nzima hapati usingizi kwa sababu ya maneno ya sinema aliyoitazama utotoni. Mtu mmoja anasema, "Nimechoka kutembea. Nani atanibeba?" Halafu mwingine anamjibu. Hilo jibu ndilo limempotea. Liko hapa, alisema, akigusa ncha ya ulimi, na halitoki.

Digrii akamwambia arudi baada ya siku mbili. Haikuwa kazi hata kidogo, alidhani. Ile sauti aliijua, kila aliyekua miaka ile aliijua: sauti nzito yenye mikwaruzo ya Mzee Sauti, yule mtia maneno aliyekuwa akizigeuza sinema za kigeni kuwa Kiswahili, peke yake, akiwa baba, mama, jambazi na mtoto mchanga kwa pumzi moja.

Akamuuliza kinyozi wa jirani. Kinyozi akasema ile ni sinema ya vita, askari kajeruhiwa jangwani. Muuguzi aliyekuja na flashi yake akacheka, akasema kinyozi amelewa povu la kunyolea. Yule ni bibi kizee kando ya mto. Mjomba akaapa kwa kaburi la mama yake kwamba ni kiwete kwenye sinema ya karate. Wote watatu waliiona kwa macho yao. Wote watatu waliyanukuu maneno vilevile, neno kwa neno, na wote, walipofika kwenye jibu, walinyamaza midomo wazi.

Digrii akafungua filamu zote tatu kwenye kompyuta, nakala zilizokatwa matangazo ya mwanzoni. Askari yupo, bibi yupo, kiwete yupo. Maneno hayapo.

Hapo ndipo alipoisikia ile harufu kwa mara ya kwanza. Harufu ya viatu vilivyotembea mbali, ngozi na jasho lililokauka likalowa tena. Akainama kutazama chini ya meza. Hapakuwa na miguu ila yake.

Mtu mwenye akili angeishia hapo. Lakini mwambie hivyo mtu aliyenyimwa kila mlango, kisha akapata mmoja unaoonekana kufunguka.

Jumapili mchana, nyumbani, alimuuliza mdogo wake wa kike. Walimwita Sindano, kwa wembamba wake na kwa kazi yake. Yeye na cherehani yake ya miguu, kwa kushona sare za shule tangu alfajiri mpaka mgongo ugome, ndio waliomsomesha kaka mtu. Yeye shule aliiachia njiani ili mmoja amalize. Jambo hilo halikuzungumzwa mle ndani. Lilikaa tu, kama fanicha.

Sindano alikuwa akipinda ukosi. Akakata uzi kwa meno, akasema bila kuinua kichwa, "Si yule wa barabarani? Tuliiona kwa jirani, ilikuwa mpyampya. Mwenzake anamjibu: Panda, nitakubeba."

Cherehani ikakwama.

Digrii alikuwa ameshashika simu, anamtafuta dereva wa boza, anacheka peke yake kwa furaha ya mtafiti. Alikuwa ng'ambo ya meza.

"Kaka," Sindano akasema taratibu, "mbona umeniwekea mkono mgongoni?"

Tangu siku ile Sindano akaanza kuinama. Mwanzo kidogo, kama mtu mwenye kichomi. Kufika Jumatano alikuwa ameinama kama mchukuzi wa gunia, vidole gumba vikikanyaga chini kwa nguvu, mikono nyuma, viganja juu, vimeshika kitu. Kiti cha cherehani kikapasuka mguu chini yake. Mama yao, ambaye hufanya usafi hospitalini, akambembeleza yule muuguzi ampime nje ya foleni. Msichana wa kilo hamsini na mbili, mizani ikasema mia moja na kumi na saba. Muuguzi akaitikisa mizani, akaisema vibaya, akaleta nyingine. Mia moja na kumi na saba na nusu. Picha ya mifupa ikatoka safi kama ya kitabuni.

Na halafu kukaanza kutembea. Ikifika saa sita mchana, jua likiwa juu ya paa na watu wakila, Sindano huinuka hata kama yuko usingizini, akazunguka uani, mlangoni mpaka bombani, bombani mpaka mlangoni, na Mama akimshika mkono anaburutwa naye, na Digrii akisimama mbele yake anasukumwa na kifua cha dada yake chembamba kama anavyosukumwa mtu na lori lililoachia breki, huku ile harufu ya viatu imejaa ua mzima na nyayo za binti zikizama kwenye udongo mgumu kina cha kidole, na juu ya kichwa chake, si kinywani mwake, juu, pale ambapo kingekuwa kichwa cha mtu aliyebebwa, sauti nzito yenye mikwaruzo ikinong'ona kwa subira ya mzee anayemwelekeza mjukuu njia: mbele, mbele, bado, mbele.

Mama alimtazama Digrii mara moja tu. Afadhali angemzaba kofi.

Mganga waliyempata alifanyia kazi chumba cha nyuma ya duka la mafundi simu, mwanamke mpana mwenye miwani ya kusomea iliyofungwa kwa uzi. Alimzunguka Sindano mara tatu, akanusa hewa ya juu ya mabega yake, akarudi kukaa. Hakuwasha kitu, hakuimba kitu. Alikuwa na uso wa fundi aliyeletewa injini ya ndege.

"Huyu hakuvamia, mwanangu," alimwambia Digrii kwa sauti ya chini. "Huyu aliuliza, akakaribishwa. Mgeni aliyekaribishwa simfukuzi mimi. Tafuta mdomo uliomkaribisha mara ya kwanza kabisa. Ukitengua ule, wote wametenguka."

"Na nisipoupata?"

Mganga akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa kanga yake.

Basi Digrii akatafuta, safari hii si kwa majivuno. Alikesha juu ya makasha ya kanda kuukuu za mjomba, akisoma mihuri, tarehe, majina madogo ya nyuma, kama alivyofundishwa na wahadhiri waliomwahidi dunia inamhitaji. Kanda zote walizozikumbuka wale watatu zilitoka studio moja. Akayafuata yale majina, na mtaa wa nne kutoka hapo, kwenye chumba cha uani, akampata Mzee Sauti.

Mzee alikuwa kitandani, kifudifudi. Binti yake alieleza, kama anayeeleza habari ya kawaida, kwamba baba halali chali tangu yeye yuko darasa la pili. Godoro lilikuwa limebonyea kuliko mwili ule mkavu ulivyostahili. Na sauti, ile sauti iliyoijaza nchi nzima, haikuwepo. Mzee alisema kwa pumzi tupu, Digrii akalazimika kupiga magoti aweke sikio.

Alisema bosi wa studio alikuwa na sheria moja: kimya ni marufuku. Mtazamaji hakuja kutazama midomo imefungwa. Sinema ikinyamaza, mtia maneno aseme chochote, mradi aseme. Siku ile ilikuwa sinema ya mtu anayetembea barabara tupu, dakika nne, hakuna neno. Mzee alisema ya jua, alisema ya kiu, akaishiwa. Ndipo kwenye zile spika za masikioni akasikia mtu anasema kwa uchovu, Nimechoka kutembea, nani atanibeba. Akadhani ni ya sinema. Akayasema. Na kwa kuwa ndiyo kazi yake, mtu mmoja sauti zote, kila anayeuliza yeye ndiye anayemjibu, akabadili sauti na kujibu palepale bila kufikiri.

"Mazoea tu, mwanangu," mzee alipumua. "Ishirini na mbili... ndiyo, miaka ishirini na mbili sasa. Hajashuka."

Bosi alijua. Aliona mtia maneno wake anatoka kwenye kibanda cha kurekodia kainama. Nakala chache zilikuwa zimeshauzwa. Kwenye zilizofuata akalikata jibu. Lakini swali alilipenda. Watu walikuwa wanalirudia mitaani. Akalichukua, akalibandika mwanzoni mwa kila kanda ya studio yake, kama tangazo, kabla ya askari, kabla ya bibi, kabla ya kiwete. Nchi nzima ikakua ikiulizwa swali ambalo jibu lake limefichwa.

Digrii akamwomba mzee atengue. Mzee alicheka, kicheko kisicho na sauti. Kwa sauti ipi? Alikaribisha kwa ile sauti, na jibu lile kwa sauti ile limebaki kwenye mkanda mama tu, ule wa kwanza, usiokatwa. Ukifutwa ule, yamefutika. Anao bosi.

Bosi siku hizi ana jengo la vioo. Digrii alikwenda akiwa na shati lake la intavyu. Mhudumu wa mapokezi, kucha ndefu, heshima fupi, alimwambia bosi yuko kikaoni, wanazihamisha sinema zote za zamani kwenye simu, uzinduzi ni wiki ijayo. Digrii akamweleza yote, pale kaunta, mpaka kilo. Yule dada akamsikiliza vizuri sana. Kisha akasema, "Sawa, kaka. Andika barua, ambatanisha vyeti."

Aliandika. Alirudi. Aliambiwa barua imepokelewa. Akaandika ya pili, nayo ikapokelewa. Mlinzi wa getini, ambaye naye aliwahi kusoma uhandisi, akamwambia kwa upole asijisumbue.

Siku ya kumi na moja Sindano alitoka nje ya geti la nyumbani. Nyayo zake zilikuwa zimechanika, anaacha alama mbili nyekundu, Mama kamng'ang'ania kiuno, anaburuzwa magoti juu ya kokoto, akilia kimyakimya kwa aibu ya majirani. Katikati ya njia, jua la saa saba, binti akasimama. Ile sauti ya juu ikashusha pumzi.

"Huyu kaisha," ikasema. "Nimechoka kutembea. Nani atanibeba?"

Majirani waliokuwa madirishani wakavuta mapazia. Digrii alimwona mdogo wake alivyokuwa: mgongo ule uliomsomesha, umekunjwa sasa kama upindo wa sare.

"Panda," alisema. "Nitakubeba."

Sindano akanyooka. Akaanguka mikononi mwa Mama, mwepesi, akalala siku mbili. Siku ya tatu akaamka, akaomba uji, akauliza nani amevunja kiti chake. Mama alicheka mara ya kwanza. Digrii alikuwa uani, mlangoni mpaka bombani, lakini alimsikia akicheka, na akaona imetosha.

Jioni ileile simu ya jirani ikalia ng'ambo ya ukuta. Uzinduzi. Tangazo. Sauti nzito yenye mikwaruzo, imesafishwa, inauliza swali lake kwenye kila simu ya mtaa, na chini yake komenti kwa maelfu, watu wazima wakishindana kukumbuka jibu. Wengine walishakumbuka.

Sindano hakufungua mdomo. Lakini alishaahidi siku nyingi, na hao wanaotaka kubebwa, kumbe, hawakuwa mmoja. Kutoka ndani Digrii akasikia cherehani inakwama.

"Kaka," ile sauti ndogo ikaita, "umeniwekea mkono mgongoni?"

Barua ya tatu ya Digrii ilifika kwenye jengo la vioo ikiwa na udongo. Mhudumu aliigonga muhuri wa Imepokelewa. Inasema hivi:

Kwa Mkurugenzi, na kwa Bodi ya ukaguzi wa filamu iliyogonga muhuri wa kuruhusu.

YAH: MKANDA MAMA

Samahani kwa mwandiko, naandika nikitembea. Siombi kazi. Vyeti nimeviacha kwenu mara mbili, vitumieni kufungia maandazi.

Mlijua. Mlikata jibu mkaacha swali, kwa kuwa swali linauzika. Futeni mkanda leo, mbele ya macho yetu. Ondoeni ile sauti kwenye simu za watu leo, si baada ya kikao. Na kama hamtaki kufuta, basi shukeni huko juu kwenye vioo, mtoke nje mchana kweupe, mpange mstari barabarani kwa vyeo vyenu, mgeuze migongo.

Anauliza nani atambeba. Mjibuni ninyi.