Mwanga wa Karo la Shule

Kila asubuhi kabla ya kengele, Valeria aliteremka bondeni na ndoo yake pamoja na wenzake wa darasa la sita. Kijiji chao cha ujamaa, upande wa Mkunya, kilikuwa juu kwenye uwanda, na maji yalikuwa chini kabisa, mwendo wa saa nzima kwenda na kurudi. Wakirudi walifagia uwanja, wakapanga mstari, wakaimba, wakaingia darasani. Valeria alikaa dawati la mbele. Tangu darasa la kwanza alikuwa akiongoza katika mitihani yote, na alilizoea jambo hilo kama alivyolizoea jina lake.

Mwaka huo, 1974, wanakijiji walichimba bwawa la samaki bondeni. Mganga wa zahanati alikuwa ameeleza kwamba watoto wengi wanavimba miguu kwa sababu ya kula muhogo mtupu bila kitoweo. Nikolao, mdogo wake Valeria, alikuwa mmoja wao. Perege wadogo wangeletwa baada ya wiki tatu. Mwalimu Felician, aliyetoka Bukoba na kukulia kando ya ziwa, alisema perege hao watahitaji majani ya majini ya kula na kujifichia. Majani hayo, yaliyoletwa kidogo kutoka mtoni, yangezalishwa katika karo la saruji nyuma ya shule, ambalo kina chake hakikufika hata magotini.

"Swali ni moja tu," alisema Mwalimu Felician. "Karo hili tulipe mwanga gani?"

Valeria aliinua mkono haraka. "Jua, Mwalimu! Mimea yote inapenda jua."

Darasa zima likaitikia. Ndipo sauti ndogo ikasikika kutoka nyuma. Ilikuwa ya Josephina, msichana aliyevuka mto Ruvuma na shangazi yake wakikimbia vita vya Msumbiji.

"Mwalimu, kule mtoni majani haya huota ndani ya matete. Jua huyafikia kidogo kidogo. Na maji haya ni machache, yatachemka."

Wengine walicheka, kwa kuwa Kiswahili chake kilikuwa bado kizito. Mwalimu hakucheka. Aliomba makarai mawili jikoni, akatia maji na majani sawasawa katika kila moja. La Valeria likawekwa juani. La Josephina likawekwa palepale kando yake, lakini juu yake msichana huyo akatandaza kifuniko alichokisuka mwenyewe kwa vipande vyembamba vya mianzi, chenye matundu ya kupitisha mwanga.

Baada ya siku tano, maji ya Valeria yalikuwa moto kama ya kuogea. Utelezi wa kijani ulifunika karai lote, na majani yalikuwa yamelegea na kuwa kahawia. Ya Josephina yalikuwa yametoa machipukizi mapya kila pembe.

"Njooni mwone!" aliita Mwalimu. "Huyu ametumia macho yake. Safi sana, Josephina!"

Ethel, rafiki wa Valeria wa tangu utotoni, alikuwa wa kwanza kukimbilia karai la Josephina. Siku iliyofuata akahamia dawati la Josephina ili afundishwe kusuka. Valeria alibaki peke yake mbele, akijifanya anasoma. Kila Ethel alipocheka kule nyuma, Valeria aligeuza ukurasa kwa nguvu. "Amekuja juzi tu," alijisemea. "Hata kusoma vizuri hajui. Kwa nini yeye?"

Jumatano, wanafunzi wote walikwenda kupalilia shamba la shule. Saa sita, jua likiwa utosini, Valeria aliomba ruhusa ya kwenda kunywa maji. Alipofika kwenye makarai alisimama kidogo. Kisha akavuta kile kifuniko, akakitupa pembeni, akarudi shambani. Saa tisa, kabla ya wenzake kufika, alitangulia na kukirudisha kama kilivyokuwa.

Asubuhi iliyofuata majani ya Josephina yalikuwa kahawia, yameiva kama mboga.

"Jana asubuhi yalikuwa mazima, Mwalimu," alisema Josephina.

"Labda umetia maji ya sabuni," alisema mmoja wa wavulana. Hakuna aliyemtetea. Ethel naye alitazama chini.

Mwalimu Felician alikuna kidevu. "Basi hata mwanga wa kupenya matunduni hauyafai. Tumebakiwa na konzi moja tu ya majani ya akiba. Tuyaweke ghalani, mbali na jua, tuyawashie taa ya karabai."

Valeria alikuwa ametegemea kufurahi. Ethel alirudi kwenye dawati la mbele siku ileile, lakini furaha haikuja. Jumapili alichungulia ghalani. Majani yalikuwa yamepauka na kuanza kudondoka, na mafuta ya taa ya ofisi ya kijiji yalikuwa yanateketea bure.

Nyumbani alimkuta mama yake akimkanda Nikolao miguu iliyovimba.

"Vumilia, baba," mama alimwambia mtoto. "Samaki wanakuja. Dada yako na wenzake wanawatengenezea chakula huko shuleni."

Kesho yake, Mwalimu alipomaliza kuita majina, alisimama.

"Mwalimu, Josephina hakukosea. Mimi niliondoa kifuniko chake Jumatano. Niliona wivu."

Josephina aligeuka kumtazama. "Walisema nilitia sabuni," alisema. "Nawe ulikuwa umekaa hapo, unasikia."

"Ndiyo. Nisamehe."

Josephina alimgeuzia mgongo.

Mwalimu hakushika fimbo. Alitoa yale majani ghalani na kuyatia karoni, kisha akawaamuru wasichana hao wawili wasuke kifuniko cha karo zima, na Valeria aongeze safari moja ya maji kila siku. Walisuka siku mbili bila kuongea. Siku ya tatu Josephina alimsukumia ncha moja ya mianzi. "Shika huko. Ukilegeza, jua litaingia lote." Valeria akashika kwa nguvu, na kazi ikaisha kabla ya jioni.

Perege walipofika, machipukizi yalikuwa bado machache, ila yalikuwa ya kijani na mazima. Josephina ndiye aliyepewa heshima ya kuyapandikiza bwawani. Valeria alimbebea ndoo ya machipukizi, na safari hii roho haikumuuma.

Mwalimu Felician aliwakusanya ukingoni.

"Valeria," alisema, "majani yakifa tunaweza kuyatafuta tena mtoni. Ubaya wa ulichofanya ni kwamba ulitufanya sote tuamini uongo, tukaamua mambo kwa uongo huo, huku watoto wakisubiri chakula. Mwenzako akijua usichokijua, usimzime. Kaa karibu naye ujifunze. Na ukikosea, sema mapema kama ulivyosema, hata kama sauti inatetemeka. Haya, mimineni samaki."