Shikamoo Iliyopotea Njia

Kila alasiri, akishavua sare ya shule na kula, Sindano alikaa kwenye kigoda kando ya cherehani ya mama yake akashika simu. Jina hilo alipewa na wateja kwa wembamba wake, na pia kwa ulimi wake, maana msichana huyo wa miaka kumi na miwili hakuwahi kukosa jibu. Mama yake alikuwa fundi wa nguo, na mikono ya fundi haiwezi kushona na kuandika kwa wakati mmoja. Basi Sindano ndiye aliyesoma ujumbe wa wateja na kuujibu: huyu anataka mikono mirefu, yule anauliza kama gauni lake limeshapigwa pasi.

Siku hiyo kazi ilikuwa imepamba moto. Kwaya ya watu thelathini ilikuwa imeagiza mavazi, na vipimo vya kila mmoja vilikuwa ndani ya simu hiyo. Waimbaji walijipima wenyewe nyumbani na kutuma. Mmoja alituma kiuno cha mumewe badala ya chake, mama na mwana wakacheka mpaka machozi. Hapakuwa na daftari. Ujumbe ule ukipotea, kazi ya mwezi mzima nayo ingepotea.

Simu ikalia mara mbili. Kwanza uliingia ujumbe wenye namba sita. Mara ukafuata wa pili, kutoka kwa Mama Mkubwa, dada mkubwa wa mama yake, ambaye pia alikuwa mwalimu mkuu msaidizi shuleni kwao Sindano. Huyo akisema "keti," hata aliyekwisha kuketi huketi tena. Aliandika hivi:

"Shikamoo dada. Namba zangu sita zimekuja kwenye simu yako kwa makosa. Nitumie sasa hivi, nina haraka. Usipige, nipo kikaoni."

Mama Mkubwa hacheleweshwi. Sindano akaandika namba ya kwanza, ya pili, ya tatu, akafika ya tano. Kidole kikiwa hewani, jicho lake lilirudi kwenye ujumbe na kukwama kwenye neno la kwanza.

"Mama," alisema, "leo Mama Mkubwa anakuamkia."

Mama alicheka bila kuinua macho. "Aniamkie mimi, yeye aliyenibeba mgongoni? Labda vumbi la chaki limempanda kichwani."

"Ameandika shikamoo dada."

Cherehani ikanyamaza. Mama alichukua simu, akasoma, akarudia kusoma. Tangu azaliwe, dada yake hakuwahi kumwita dada. Alimwita mdogo wangu, au jina lake la utotoni akikasirika. Shikamoo ilitoka kwa mdogo kwenda kwa mkubwa kila siku iendayo kwa Mungu, na marahaba ndiyo iliyorudi.

Ukaingia ujumbe mwingine: "Mbona kimya? Nitumie upesi."

Sindano aliogopa kweli. Kesho asubuhi angekutana na Mama Mkubwa getini. "Na kama ni yeye?" aliuliza.

"Kama ni yeye, atanigombeza mimi. Futa hizo namba."

Akazifuta moja moja. Ndipo aliposoma vizuri ule ujumbe wa namba sita, ambao mwanzoni aliutupia jicho tu. Chini ya namba paliandikwa: Usimpe mtu yeyote namba hizi. Onyo lilikuwa hapo muda wote, naye aliliruka kwa pupa ya kujibu. Aliona aibu.

Mama alipiga simu ileile aliyokatazwa kupiga. Mama Mkubwa aliipokea mara moja, na wala hakuwa kikaoni. Alikuwa amekaa sebuleni peke yake. Kwanza alijikohoza, kisha akasema ukweli: saa saba mchana mtu aliyejifanya mwalimu mwenzake alimwomba namba sita zilizoingia kwenye simu yake, akampa, na hapo hapo akafungiwa nje ya akaunti yake ya ujumbe, maana namba hizo ndizo ufunguo wake. Kwenye akaunti hiyo mdogo wake aliitwa "Dada Fundi", kama mtaa mzima ulivyomwita. Tapeli aliliona jina hilo akadhani huyo ni dada mkubwa wa Mama Mkubwa, akaamkia.

"Mbona hukutuambia, dada?" mama aliuliza.

"Ningeanzaje? Mimi ndiye ninayewafundisha wenzangu kujihadhari na matapeli."

Hawakupoteza muda kulaumiana. Sindano alitaja majina ya ndugu mmoja mmoja, mama akawapigia wote kuwaonya. Mama Mkubwa alikuja na simu yake, na fundi wa simu wa jirani akamsaidia kurudisha akaunti yake, kisha akaweka namba ya siri kwenye simu zote mbili. Jua lilipozama hakuna ndugu aliyekuwa ameibiwa, na vipimo vya kwaya vilikuwa salama, pamoja na kiuno cha yule mume.

Kesho yake, wanafunzi wakiwa mistarini, Mama Mkubwa alisimama mbele yao.

"Jana nilitapeliwa," alisema. "Mwizi hakuvunja mlango. Alijiita mtu ninayemwamini, akanitia haraka, nikampa ufunguo kwa mkono wangu. Namba zilizotumwa kwenye simu yako usimpe mtu, hata akijiita mama yako. Mpigie usikie sauti yake. Akikukataza kupiga, hapo ndipo upige."

Akaendelea: "La pili ni gumu zaidi kwangu. Nilikaa kimya saa tatu nzima kwa kuona aibu, na saa hizo mwizi alizitumia kuwawinda ndugu zangu. Anayedanganywa hana cha kuonea aibu. Anayenyamaza ndiye anayempa mwizi nafasi. Ukidanganywa, sema siku hiyo hiyo."

Sindano alidhani watu watacheka. Badala yake mkono mmoja uliinuka kwenye mstari wa darasa la tano.

"Mwalimu," alisema msichana mmoja kwa sauti ndogo, "mimi nilimpa mtu namba wiki iliyopita. Sijamwambia baba."

Mama Mkubwa alimfuata, akamshika mkono, wakaongozana kwenda ofisini kumpigia baba yake. Hawajafika mlangoni, mikono mingine miwili ilikuwa imeshainuka.