Kanda ya Niyonsaba

Haya yalimpata Ridhiwani, mtoto wa baba yangu mdogo, na mimi nilikuwa chumba cha pili, nyuma ya ukuta wa mbao. Wako ndugu wanaotaka niseme ilikuwa bahati mbaya tu. Waseme wao.

Ilikuwa masika ya mwaka 2014, siku ya kawaida kabisa hapa Kasulu mjini. Nilikuwa nashona sare za kwaya, chai imepoa pembeni. Upande wa pili Ridhiwani alikuwa kwenye kibanda chake cha kurekodi, akiingiza nyimbo kwenye simu za watu, akichoma CD, akihamisha kanda za zamani kabla hazijaoza. Kazi hiyo aliiweza. Kilichokuwa kinanishinda ni limuziki lake.

Alilileta Cadet, kijana wa Kikongo wa kambi ya Nyarugusu. Mzungu mmoja wa misaada alimaliza mkataba akamwachia mfuko wa kanda za roki ile kali kabisa: metali nyeusi, metali ya kifo, vitu vya miaka ya themanini na tisini, majalada yamechorwa mafuvu kwa kalamu. Mara ya kwanza kuusikia nilidhani mashine ya kusaga imeingiwa na mawe. Kisha nikasikia mtu ananguruma humo ndani, nikauliza kama anaumwa. Ridhiwani alicheka mpaka akakaa chini. Akanieleza kwamba muziki huo haupigwi redioni. Unatembea mkono kwa mkono, nakala chache chache, na wanaoupenda wanaupenda kufa. Haikupita miezi mingi naye akawa ananguruma, gitaa begani, Cadet kwenye ngoma. Kundi lao wakaliita Ukungu. Nimpe haki yake, sauti alikuwa nayo. Akianza, mkasi ulikuwa unatetemeka mezani kwangu.

Kwenye intaneti akampata Mfini mmoja huko Ulaya anayetoa kanda za makundi kama hayo. Mfini alikuwa na masharti yake. Kompyuta isiguse kitu chochote. Alitaka sauti ya zamani, chafu, iingie moja kwa moja kwenye kanda nzuri ya kromu, kama walivyofanya wa kwanza. Sasa kanda ya kromu utaipata wapi Kasulu? Ridhiwani alitafuta mpaka Kibondo, akarudi na kanda za mahubiri zilizoota ukungu.

Basi siku hiyo akaingia Reverien.

Reverien ni Mrundi aliyekulia kambi ya Mtabila. Kambi ilipofungwa mwishoni mwa 2012 na watu kupakiwa kwenye malori kurudi kwao, yeye alibaki, akawa analima vibarua vya mihogo Heru Juu. Hakutaka kuliacha kaburi la mama yake. Mtu mpole, anayepiga hodi hata kwenye mlango ulio wazi. Alifungua kitambaa, akatoa kanda.

"Ni sauti ya mama," alisema. "Picha yake sina hata moja. Naomba unitolee CD, kaka, kabla haijakatika."

Ridhiwani akaijaribu kwenye redio. Mimi nikasimamisha cherehani. Alisikika mwanamke akichambua maharage kwenye ungo, anaimba polepole, anakohoa, anaimba tena. Halafu akapaza sauti kama anaita mtu aliye mbali: "Reverien! Mwana wanje, ngwino muhira!" Mwanangu, njoo nyumbani. Mama yake, Niyonsaba, alikuwa amejirekodi mwaka ule alioumwa, ili mtoto asije akamsahau. Kupitia upenyo wa mbao nilimwona Reverien, mwanaume mzima, anajifuta macho kwa kofia.

"Usiogope, haifutiki," Ridhiwani alimwambia. "Vimeno vimevunjwa."

Mtu aliyetumia kanda anajua. Mgongoni kuna vimeno viwili vya plastiki, na ukivivunja redio haikubali tena kurekodi juu yake. Niyonsaba alivivunja mwenyewe kwa kisu cha jikoni.

"Njoo Ijumaa," Ridhiwani alisema. Reverien alipoondoka, aliigeuza ile kanda mkononi, akasoma maandishi yake madogo. Ilikuwa ya kromu.

Alhamisi walirekodi mchana kutwa. Ijumaa Reverien alipokuja, nilimsikia Ridhiwani akimwambia kwamba redio imeitafuna kanda, imekatika vipande, pole sana. Reverien akaomba apewe hata hivyo vipande. Akajibiwa vimetupwa.

Jioni niliingia kibandani kuchukua chaja yangu. Juu ya redio ilikuwepo kanda, nzima, imebandikwa karatasi mpya: UKUNGU, KAMBI YA WAFU. Chini yake picha ya makaburi ya Mtabila, waliyopiga kwa simu. Nikaigeuza. Matundu mawili ya mgongoni yalikuwa yamezibwa kwa selotepu, imekatwa vizuri, imekandamizwa kwa ukucha.

Mtu anaweza kubonyeza kitufe kwa bahati mbaya, lakini selotepu haijikati yenyewe.

"Ridhi, hii ni kanda ya nani?"

"Dada, yule mama kafa," alinijibu, hata hakuinua macho. "Huu muziki unakwenda Ulaya. Hata yeye angefurahi kutumika."

Kesho yake nilimtafuta Reverien sokoni, nikamwambia kila kitu. Wapo wanaonilaumu kwamba nilimuuza ndugu yangu. Ningemwambia tena hata leo. Nilitaka Ridhiwani apate adhabu, na niliitaka kwa moyo wangu wote.

Reverien hakupiga kelele. Aliuliza kitu kimoja tu.

"Ameziba matundu?"

"Ameziba."

Akatikisa kichwa. "Sawa, dada Mwanahawa. Nitakwenda kumwambia mama nani anayo sauti yake."

Akashika njia ya Mtabila kwa miguu.

Ridhiwani alitoa nakala kutoka kwenye ile kanda, akafunga kifurushi, akakituma posta. Baada ya wiki kadhaa Mfini akaandika kwa furaha. Sauti ni ile ile aliyokuwa anaitafuta, alisema, na yule mwanamke anayeita nyuma ya ngoma ni wazo zuri sana. Ni nani?

Cadet alikuja kuniambia, jasho linamtoka. "Yaya," aliniita, yaani dada kwa Kiswahili cha kwao, "siye hatukuweka mwanamuke."

Wakaicheza tena. Chini kabisa ya gitaa, kweli alikuwepo. Ridhiwani akasema ni kawaida, kichwa cha kufutia kwenye redio yake ni kibovu, sauti ya zamani inabaki kidogo. Niliamini. Ila kila walipoicheza, yule mwanamke alisogea mbele. Na ngurumo ya Ridhiwani ilirudi nyuma. Wiki ile ilikuwa ngurumo. Wiki iliyofuata ilikuwa mnong'ono. Halafu ikawa ngoma na gitaa tupu, na ungo wa maharage.

Kisha koo la Ridhiwani likaanza kumsumbua. Alikwenda hospitali wakammulika, wakasema hakuna kidonda. Alikunywa tangawizi, alikunywa asali. Kufika kiangazi alikuwa anaongea kama mtu aliye ndani ya blanketi. Wateja walimwinamia, halafu wakachoka kumwinamia.

Siku moja saa sita mchana nilikuwa naangalia video ya harusi ya mdogo wangu Zena, iliyofanyika Kibondo miaka miwili nyuma. Ridhiwani ndiye aliyekuwa mshereheshaji. Muziki unasikika. Vigelegele vinasikika. Kamera ikamgeukia Ridhiwani, kipaza sauti mkononi. Mdomo unacheza. Wageni wanacheka. Sauti yake haimo.

Nikarudisha nyuma. Haimo. Nikafungua simu, nikatafuta ujumbe wa sauti alionitumia sikukuu ya Idi. Ulikuwa na urefu ule ule. Ndani yake kulikuwa kimya.

Sikumwonea huruma, niseme ukweli. Nilijiambia, na wewe uonje.

Novemba sauti ilikuwa imekwisha kabisa. Alikuja kwangu asubuhi, amekonda, akaniandikia kwenye simu: Nipeleke kwa Reverien. Ile kanda alikuwa ameishika kifuani. Tulichukua bodaboda mbili mpaka Mtabila, kwenye kaburi la Niyonsaba, mimi na yeye na Cadet. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, ukungu umelala kila mahali. Upande ule wa Mtabila kuna makaburi na misingi ya nyumba za udongo, na nyasi zimefunika yote.

Reverien tulimkuta anapalilia kaburi. Hakushangaa.

Ridhiwani akapiga magoti kwenye tope. Akamnyooshea kanda.

"Si mimi," Reverien alisema. "Mwombe yeye."

Ridhiwani akafungua mdomo. Mishipa ya shingo ilisimama. Machozi yalimtoka. Hakikutoka kitu, hata pumzi.

"Sema," Reverien alinong'ona. "Hakusikii."

Ndipo tukasikia. Sote. Ndani ya ukungu, upande wa nyumba zilizobomoka, mtu alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Halafu akaita.

"Mwana wanje, ngwino muhira!"

Cadet alinishika mkono. Nilimtazama Reverien, nikidhani atakimbilia huko. Alibaki amesimama na jembe lake.

"Haniiti mimi," alisema.

Ridhiwani aliinuka. Kanda ikamdondoka. Uso wake ulikuwa umetulia, kama mtoto aliyeitwa kula. Akatembea kuelekea kwenye ukungu. Nilimwita. Hakugeuka. Nikamkimbilia, nikakuta nyasi zinacheza.

Tulimtafuta. Ukungu uliondoka, jua likatoka, wakaja watu wa vijiji vya jirani na mapanga wakafyeka njia. Nilimwita mpaka koo likaniuma. Ridhi! Ridhi! Tukinyamaza kusikiliza, hakuna kitu. Hata ndege. Kuna mahali nilikaa chini kutoa mwiba mguuni, nikalia kidogo, nikaendelea. Giza liliturudisha.

Asubuhi Cadet aliona kandambili ya Ridhiwani. Ilikuwa pale pale nilipokaa kutoa mwiba. Hatua moja nyuma yangu, chini ya nyasi, lilikuwepo shimo la choo cha zamani cha kambi. Ridhiwani alikuwa chini, miguu imevunjika, mdomo wazi. Aliyemwosha alimwambia baba mdogo kwamba mwili haukuwa wa mtu aliyekufa mchana. Alikuwa hai mpaka alfajiri. Kucha zake zilikuwa zimejaa udongo wa ukuta.

Ile kanda niliiokota mimi. Ilikaa kwenye mkoba wangu mpaka ilipopita arobaini. Siku hiyo, watu wamekwisha kula na kuondoka, nilimwita Cadet kibandani. Nilitaka kumrudishia Reverien mama yake, na nilitaka kwanza nihakikishe yumo.

Niliigeuza. Selotepu haikuwepo. Matundu mawili yalikuwa wazi, safi, hata alama ya gundi hakuna.

Cadet akabonyeza.

Ngoma hazikuwemo. Gitaa halikuwemo. Ungo haukuwemo. Kulikuwa na upepo kwenye nyasi. Kisha sauti ya Ridhiwani, nzima, nzito, ile iliyokuwa inatetemesha mkasi wangu.

"Dada Mwanahawa! Niko hapa! Niko chini hapa!"

Halafu, mbali, juu, sauti ya mwanamke inaita: Ridhi! Ridhi!

Ilikuwa yangu.

Ilisogea karibu. Ikanyamaza. Nilijisikia nikilia kidogo, karibu kabisa, na yeye akipiga ukuta, akipiga, akiita jina langu. Kisha nikajisikia nikiinuka na kwenda zangu.

Cadet alizima. Alirudi Nyarugusu jioni ile, ngoma zake akaziacha.

Nilimpelekea Reverien ile kanda huko Heru Juu. Aliisikiliza mpaka mwisho, pande zote mbili. Nikamwuliza, na mama je?

"Tangu siku ile simsikii tena pale kaburini," alisema. "Nadhani amefika nyumbani."

Akaifunga kanda kwenye kile kitambaa chake cha zamani, akanirudishia kwa mikono miwili.

"Hii ni sauti ya ndugu yako, dada. Picha zake zote hazina sauti. Itunze."

Nimejaribu kuichoma, nimeshindwa kuwasha kiberiti. Sauti yake haipo mahali pengine popote. Nimejaribu kurekodi juu yake kaswida, redio inakataa, na selotepu sitaigusa.

Mwaka uliofuata, wakati Warundi wanaingia tena kwa malori, Cadet alikuja na ujumbe wa Mfini kwenye simu. Akanisomea kwa kunong'ona, mlangoni, hakutaka kuingia. Mfini alikuwa anauliza kulikoni. Zile nakala alizouza, huko kwao na nchi nyingine, zote zimebadilika. Muziki haumo tena, wala yule mwanamke wa kwanza. Anayesikika ni mwanaume tu, anaita jina moja, na wanunuzi wanasema kila wakiicheza anaita karibu zaidi.

Aliuliza Mwanahawa ni nani, na anakaa wapi.

Nilimwambia Cadet asimjibu.