Maji ya Jumapili

Kila Jumapili asubuhi, kabla ya kengele ya kwanza, Yudith alichota maji, akafagia ua na kunyoosha gauni lake jeupe kwa pasi ya mkaa. Kisha alikuwa na kazi moja ambayo hakumsimulia mtu. Alishuka bondeni kwenye vinyungu, zile bustani za kiangazi, akaziba mfereji kwa mabonge ya udongo na nyasi ili maji yaingie kwenye maharage ya baba yake.

Ilikuwa mwaka 1956, katika kijiji kimoja cha vilima vya Kilolo, Iringa. Mfereji ulikuwa mmoja tu, na kila nyumba ilikuwa na siku yake ya maji. Jumapili hakuna aliyeshika jembe. Maji yaliachwa yateremke yenyewe hadi kinyungu cha Bibi Lusia, mjane aliyelima chini kabisa. Hiyo ndiyo ilikuwa zamu yake, na wote walikubaliana hivyo.

"Baba, leo si zamu ya Bibi Lusia?" Yudith aliwahi kuuliza.

Baba yake, Mzee Filemoni, alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa sala ndefu zilizowasinzisha watoto. "Sisi hatulimi, mwanangu," alijibu. "Maji yanatembea yenyewe, sisi tuko kanisani. Dhambi iko wapi?"

Yudith aliendelea kuziba mfereji. Maharage yao yalinawiri. Ya Bibi Lusia yalinyauka, maua yakidondoka kabla ya kuzaa, naye hakuwa na chakula kingine cha kumfikisha kwenye mvua.

Jumapili moja ya Septemba Bibi Lusia alichoka kusubiri. Akachukua jembe, akaanza kukwea akiufuata mfereji aone maji yameishia wapi. Watu waliokuwa wakienda ibadani wakamkuta njiani, wakamleta kanisani pamoja na jembe lake.

Ibada ilipokwisha, Mzee Filemoni alisimama mbele ya washarika. "Bibi Lusia ameonekana na jembe siku ya Bwana," alisema. "Naomba atengwe na Meza ya Bwana mpaka atubu."

"Nilikuwa natafuta maji tu, baba," alisema Bibi Lusia.

Yudith alikuwa kwenye benchi la mbele na wenzake wa darasa la kipaimara. Akisema, atamwaibisha baba yake. Akinyamaza, bibi wa watu atatengwa bila kosa. Aliogopa sana, lakini alisimama.

"Maji niliyaziba mimi," alisema. "Kila Jumapili, tangu Julai. Kama kuna wa kutengwa, ni mimi."

Hakumtaja baba yake. Mzee Filemoni alimtazama binti yake, kisha akainamisha kichwa. "Mimi ndiye niliyemtuma," alisema. "Nimesimama hapa kuhukumu, kumbe mnafiki ni mimi. Bibi Lusia, nisamehe."

"Nimekusamehe, baba," alijibu Bibi Lusia. "Sasa twendeni tukafungue maji."

Kanisa zima likashuka bondeni. Yudith aliingia mferejini na gauni lake jeupe, akayang'oa mabonge kwa mikono. Maji yakatoka kwa nguvu, na watu wakateremka nayo wakiimba. Mzee Filemoni mwenyewe, na koti lake la ibada, alishika jembe la Bibi Lusia akapanua njia ya maji. Ilikuwa siku ya Bwana, na hakuna aliyemlaumu. Maji yalipofika kwenye maharage, Bibi Lusia alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka.

Siku ya kipaimara, mwezi Novemba, Bibi Lusia alileta kanisani kapu la maharage yake mwenyewe. Yudith alikuwa na gauni lilelile. Pindoni palibaki doa la udongo ambalo sabuni ilishindwa kulitoa, naye akawa analifunika kwa mkono.

Mwinjilisti Eliezeri, mwalimu wao wa kipaimara, aliyekuwa akiwapanga watoto mlangoni, akaliona.

"Usilifiche, binti yangu," alisema. "Amri kumi wote mmenisomea bila kukosea, na hata baba yako alizijua. Mungu anataka tuwe watu walewale kanisani na mferejini. Wewe ulianza kuwa hivyo siku ulipolipata doa hili. Haya, tangulia mbele."

Yudith aliondoa mkono, akaongoza wenzake kuingia.