Jicho la Najma na Jina la Baba Yake

Ndugu zangu wa hapa ugenini Bellevue, nyumba ya Mahmoud ilikuwa tulivu. Jumapili hiyo mkewe Zuhura alikuwa anapika vitumbua, binti yao Najma, wa miaka kumi na tisa, akimsomea ujumbe kutoka Tanga. Mara Najma akaisogeza simu hadi puani.

"Mama, herufi zina vivuli," alisema, akilisugua jicho la kulia.

Zuhura akampeleka kliniki. Daktari wa macho akaeleza kuwa konea, ngozi ile angavu ya mbele ya jicho, inazidi kuwa nyembamba na kuchongoka. Tiba ipo: hutiwa matone ya vitamini, kisha humulikwa mwanga maalumu ili ikaze.

"Itazuia lisizidi kuharibika, lakini haitarudisha kilichopotea. Msichelewe. Nawe binti, acha kusugua macho."

Mahmoud, mtu anayepiga viatu kiwi mara mbili ili asifiwe mlangoni pa msikiti, alicheka alipoambiwa nyumbani.

"Amulikwe jicho kama gari gereji? Watu wanakuja kuposa. Wakisikia ana jicho bovu, uso wangu nitauweka wapi?"

"Baba Najma, daktari kasema linaharibika."

"Daktari hana binti wa kuozesha."

Huyo ndiye aliyekuwa akitufundisha malezi kila tukikutana. Akaificha kabatini miwani aliyopewa binti kliniki, akaleta asali ya kumtia machoni. Zuhura akamtii mumewe, na utii huo unamuuma mpaka leo.

Mwaka ukapita. Wageni wa posa walipokuja, Najma alimimina chai nje ya kikombe, ikamuunguza mama wa mchumba. Waliaga mapema, hawakurudi.

Kesho yake Zuhura hakuomba ruhusa. Alimshika binti mkono wakarudi kliniki. Jicho la kushoto, ambalo nalo lilikuwa limeanza kuugua, lilitibiwa kwa ule mwanga. La kulia konea ilikuwa imekonda mno na kuingia kovu, mwanga haufai tena. Sasa linasubiri kupandikizwa konea ya mtu aliyefariki.

"Mbona mlikaa mwaka mzima?" daktari aliuliza.

Najma ndiye aliyesema, "Baba alikuwa anaogopa watu."

Siku hizi Mahmoud anatuambia ni mtihani wa Mungu. Mungu alimletea daktari. Mengine kayafanya mwenyewe.

FUNZO

Mtoto akisema haoni vizuri, mpeleke kwa daktari wa macho wiki hiyo hiyo. Ukiambiwa tiba ni ya kuzuia, jua kila mwezi unaochelewa unakula jicho lake. Na mzazi anayeficha maradhi ya mwanawe ili asifiwe na majirani hastahili hata salamu yao.