Volti Sita za Redio ya Niyonsaba

Leonidas alikuwa fundi redio sokoni Kasulo. Mwaka ule wa 1995 kazi zilimjaa. Wakimbizi wa kambi ya jirani walileta redio kila siku, lakini mawe yake, zile betri ndogo, waliyaacha hemani. Mawe yalikuwa ghali, na nani amwachie fundi mali yake?

Basi Leonidas alijaribia redio zote kwa betri ya gari. "Redio hunywa umeme kiasi chake tu," alipenda kusema. Alisema hivyo kwa sauti kubwa, kama mtu asiye na uhakika.

Asubuhi moja alikuja Niyonsaba, mama wa kambini. Redio yake ilikuwa ikikatakata.

"Fundi, nisaidie leo leo," alisema. "Kila siku saa kumi redioni wanasoma majina ya watoto waliopotea. Wangu ni Priscila. Tulipotezana njiani."

Leonidas alirudishia waya uliolegea. Kazi ndogo. Kisha akaunganisha betri ya gari. Redio ilinguruma, ikatoa moshi, ikanyamaza.

"Yoo! Umeiua!" Niyonsaba alilia.

Leonidas aliona aibu hadi masikio yakamwaka moto. "Nipe siku mbili, mama," alisema. Akaibeba redio hadi kwa Esperansia, fundi wa redio za mawasiliano kambini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Uliijaribu kwa kutumia nini?"

"Betri ya gari."

Esperansia akafungua mfuniko wa nyuma. "Hapa huingia mawe mangapi?"

"Manne."

"Jiwe moja ni volti moja na nusu. Manne je?"

"Sita."

"Na betri ya gari?"

Leonidas alikuna kichwa. "Kumi na mbili."

"Umeilisha mara mbili! Zile za mawe manane huvumilia, hii haiwezi. Redio haijipimii volti. Wa kuipimia ni wewe."

Wakaanza kutengeneza kifaa cha kupunguza volti. Kwanza walifunga fyuzi ndogo kwenye waya chanya, karibu kabisa na betri.

"Nyaya zikigusana, ikatike fyuzi, lisiungue banda," Esperansia alisema.

Kisha wakaweka regulata, kidude chenye miguu mitatu kinachoshusha volti. Hicho hupata joto. Kwa hiyo walikikaza kwa skrubu kwenye kipande cha sufuria kuukuu ili kipoe, na kipande hicho hakikuachwa kiguse waya mwingine. Wakaongeza rezista, vidude vinavyobana umeme, na kitufe cha kuzungusha ili kupandisha na kushusha volti. Vyote wakavipigilia juu ya ubao.

Sehemu ya redio iliyoungua waliibadilisha kwa nyingine kutoka redio mbovu. Leonidas akainyakua redio aiunganishe.

"Weka chini! Haraka haraka haina baraka. Pima kwanza."

Walipogusisha mita ya volti kwenye kifaa, ilionyesha volti tisa. Leonidas akazungusha kitufe polepole hadi sita. Ndipo akaunganisha, chanya kwa chanya, hasi kwa hasi. Redio ikaongea.

Siku mbili zilipotimia, Niyonsaba aliichukua bila hata kuaga. Leonidas hakumlaumu. Tangu hapo, kila redio iliyomfikia aliihesabia mawe na kuipimia volti zake kabla ya kuiwasha. Hakuna nyingine iliyoungua.

Wiki mbili baadaye Niyonsaba alirudi mikono mitupu.

"Redio imeharibika tena?" Leonidas aliuliza kwa hofu.

"Nimemwachia jirani. Yeye bado anamtafuta mwanawe." Niyonsaba alikaa kwenye benchi, machozi yakimtiririka. "Jana walilisoma jina la Priscila. Yuko Biharamulo. Kesho ninamfuata."