Kinywa cha Mama Watiri

Jua lilikuwa linazama nyuma ya milima ya Nyandarua nilipopita lango la kijiji na mzigo wangu wa kuni. Firimbi ya kafyu ilikuwa karibu kulia. Nikakaza mwendo.

Mlangoni nikapokewa na harufu. Kama mbuzi aliyefia kichakani...

Mama mkwe wangu, Watiri, alikuwa amelala nilivyomwacha, kinywa wazi. Homgadi, walinzi wa serikali pale kijijini, walikuwa wamempiga mdomoni kwa kitako cha bunduki wakimuuliza aliko mwanawe Mutahi, mume wangu, aliyeingia msituni kupigana na serikali. Tangu siku hiyo hakuwa ametamka neno.

Lakini sasa midomo yake ilikuwa inacheza.

"Mama, unasema?"

Nikasogeza koroboi.

Ufizi wake ulikuwa unatembea.

Funza. Weupe, wanene, wamejazana kidondani, wakichimba...

Jirani yetu Ngendo alichungulia, akarudi nyuma. "Ni kiapo cha msituni," akanong'ona. "Alikula, halafu akasema. Sasa kiko ndani kinamkula."

"Hakusema kitu!"

Kabla firimbi haijalia, nikambeba mgongoni hadi zahanati iliyokuwa kando ya lango. Kefa, dresa wa kufunga vidonda kutoka Maragoli, alichovya pamba kwenye tapentaini, akaisukuma ndani ya kidonda. Tukangoja. Wakaanza kujitokeza wakitafuta hewa, naye akawavuta kwa kibano, mmoja mmoja. Mama alinishika mkono. Machozi yalimtoka bila sauti.

"Ni nzi tu, dada," Kefa akasema. "Hutaga kwa kidonda, mtu akilala mdomo wazi." Akafuta kibano. "Lakini nyumba zenu ziko na moshi. Na baridi hii yote... sijui wametoka wapi."

Alimsafisha kila siku. Kidonda kikaanza kufunga.

Kisha asubuhi moja tukaitwa barabarani, tutambue maiti iliyotolewa msituni. Ilikuwa imelala huko muda mrefu. Nililijua shati la Mutahi. Nilikuwa nimelishona mwenyewe. Risasi ilikuwa imempata mdomoni.

Ndani ya kinywa mlikuwa mweupe kwa funza. Mlikuwa mnatembea.

"Unamjua?" askari akauliza.

Ningesema ndiyo, wangetuchomea nyumba.

"Simjui."

Nilirudi nimeuma kitambaa changu nisilie. Sikujua nitamwambiaje mama.

Nikamkuta ameketi kitandani. Alikuwa amenyoa nywele zote, kama mama aliyefiwa.

"Nani amekuambia?" nikauliza.

Akagusa mdomo wake.

"Mutahi mwenyewe," akanong'ona. Akanivuta kifuani, akanifunika kichwa kwa shuka. "Usilie, mwanangu. Watasikia."